Mnamcheka anayetengeneza toi, halafu mnalia hatuna mafundi!



Leo siandiki siasa. Najua kuna waliozoea kuingia hapa kutafuta nani kasema nini bungeni. Leo mtanisamehe. Leo naandika kuhusu toi. Ndiyo, toi! Kifaru cha plastiki kinachoendeshwa kwa rimoti, ambacho mtutu wake uligoma kuinuka.

Na ninaandika nikiwa na hasira. Wiki hii nimechekwa mara tatu kwa ajili ya kifaru hicho, na waliocheka wote ni watu wazima, wenye shule zao na heshima zao. Nimeona nisinyamaze.

Ngoja nianze na kisa chenyewe.

Shemeji yangu aliporudi kutoka Dubai alimletea mwanawe kifaru cha rimoti. Mwanawe, yaani mpwa wangu, yuko darasa la tano na anaishi kwetu hapa Kihesa. Kifaru ni kikubwa, ukikipakata kinajaa mapajani. Kina minyororo kama kile cha jeshi, kichwa chake kinazunguka kushoto na kulia, na ukibonyeza kitufe mtutu unainuka na kushuka. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanashinda uani kwetu. Kifaru kilipanda vifusi, kilivuka mifereji, na vumbi la Kihesa mnalijua wenyewe.

Ikafika siku mtutu ukalala. Unabonyeza kitufe, unasikia ndani mota inalia vrrrrr, lakini mtutu umeinama tu kama mkonga wa tembo mgonjwa.

Siku mbili baadaye nikarudi kazini jioni, nimechoka, nikamkuta dogo amekaa barazani na kifaru kimefunguliwa vipande vipande. Nikamzaba kibao. "Umekiharibu! Unajua bei yake wewe?" Hakujibu kitu. Alikusanya vipande vyake akaingia ndani.

Usiku mama yangu akaniita. Akaniwekea mbele karatasi ya daftari. Dogo alikuwa amekichora kifaru kwa chini na kwa juu, akaweka alama ya kila skrubu ilipotoka, ndefu na fupi. Skrubu zenyewe zilikuwa kwenye kifuniko cha kopo, zimepangwa kwa mafungu. Mama akaniambia neno moja tu: "Mwanangu, anayeharibu hachori ramani."

Ndugu zangu, nililala vibaya usiku ule.

KICHEKO CHA KWANZA kilikuwa mjini. Kesho yake nilikibeba kile kifaru hadi duka moja linalouza vitu vya namna hiyo. Nikauliza kama wana spea, au kama wanamjua mtu wa kukitengeneza. Muuzaji akacheka. "Kaka, hivi havitengenezwi. Vikifa vimekufa, nunua kingine." Nikamuuliza, umewahi kufungua kimoja ukaona ndani? Hajawahi. Anauza kitu miaka yote na hajui ndani kuna nini, ila ana uhakika hakitengenezwi!

KICHEKO CHA PILI kilitoka kwa mkubwa mmoja wa kazi. Nilimwambia nataka kuandika habari ya vijana wanaotengeneza vitu vidogo ambavyo wengine wanatupa. Nikataja kifaru. Akacheka mpaka akavua miwani. "Toi? Wasomaji wanataka habari, wewe unaniletea toi?"

KICHEKO CHA TATU kitakuja. Kwanza twende kwa fundi.

Karibu na soko la Kihesa kuna kijana ana kibanda cha mbao. Anatengeneza redio, chaja, pasi, simu, tochi na chochote unachomletea. Jina lake silitaji, hajaniomba nimtangaze. Alimaliza kidato cha nne, na kwenye Fizikia alipata F. Naomba mshike hiyo F, nitairudia.

Nilikwenda na dogo. Fundi hakucheka wala hakuniambia ninunue kingine. Aliuliza swali moja: "Ukibonyeza, mota inalia?" Nikamwambia inalia. Akasema, "Basi umeme unafika. Rimoti nzima, nyaya nzima, mota nzima. Ugonjwa uko mbele ya mota."

Oneni akili hiyo! Hajashika bisibisi, tayari ametupa nje nusu ya magonjwa. Akamweleza dogo: kama kungekuwa kimya kabisa, tungeanza kutafuta waya uliokatika, maana kichwa kikizunguka sana kinazisokota nyaya zinazopita katikati. Kama ingelia tak-tak-tak, ni meno ya giya yanarukana. Lakini ikilia kwa wepesi hivi, ina maana mota inazunguka peke yake, haijabeba kitu.

Akafungua. Dogo akampa ile karatasi yake. Fundi akaitazama, akauliza, "Nani kachora?" Dogo akasema kwa woga, "Mimi." (Ananiangalia mimi, si fundi!) Fundi akasema, "Safi sana dogo. Wateja wangu wangekuwa hivi ningeshajenga."

Nikatazama pembeni.

Sasa, kwa wale ambao hawajawahi kuona ndani ya kitu hiki, naomba mnivumilie nieleze, maana hoja yangu yote imo humo.

Mota ni ndogo kama kidole gumba. Inazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika lakini nguvu hana, ukiishika kwa vidole inasimama. Mtutu unahitaji kinyume chake, uinuke taratibu kwa nguvu. Kazi ya kubadilisha mbio kuwa nguvu inafanywa na giya. Giya yenye meno 10 ikisukuma yenye meno 50, mbio zinagawanywa kwa 5 na nguvu inazidishwa karibu hivyo hivyo. Ukipanga hatua tatu za namna hiyo, umegawa kwa 125. Giya ya mwisho inazungusha kisahani chenye pini pembeni, kama kanyagio la baiskeli. Pini ikipanda na kushuka inasukuma mkono mdogo ulio nyuma ya mtutu, na mtutu unainuka na kushuka. Basi, hakuna uchawi.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa kwenye ile giya ndogo kuliko zote, iliyobanwa kwenye shafti ya mota. Ilikuwa ya plastiki na imepasuka ufa mwembamba kama unywele. Shafti ikawa inazunguka ndani yake bila kuisukuma. Mimi, kama mjuaji, nikasema tutie supaglu. Fundi akatikisa kichwa. "Itashika leo, kesho itaachia. Na ikichuruzika kwenye mota, umeua mgonjwa." Akavuta kopo la zamani la Africafe, limejaa giya za matoi yaliyokufa, akamwaga mezani. Akamwambia dogo, "Tafuta yenye meno kumi."

Dogo akaipata, ikawekwa, ikakwama. Meno yalikuwa kumi kweli, ila manene kuliko ya mwenzake. Fundi akamweleza kwamba kuhesabu hakutoshi, jino lazima liingie kwenye pengo la jirani yake bila kulegea na bila kubana. Ya pili ilikuwa ya shaba, na ikaingia sawasawa.

Mimi nikadhani tumemaliza, nikatoa hela. Fundi akaniuliza, "Braza, unajua kwa nini ilipasuka?"

Sikujua. Wala sikuwa nimejiuliza.

Akaushika mtutu katikati, pale pini mbili zinapoushikilia. Ukaanguka mbele. "Mbele mzito, nyuma mwepesi. Ile giya ilikuwa inabeba mzigo huu saa zote, hata kifaru kikiwa kimezimwa. Ukiweka giya mpya bila kuondoa mzigo, mwezi ujao utarudi." Kisha akamgeukia dogo. "Umewahi kuona geti la barabarani, lile gogo refu la kukagulia mazao? Mtu mmoja analiinua kwa mkono mmoja. Kwa nini?"

Dogo akafikiri kidogo. "Kuna jiwe limefungwa kule nyuma!"

Akachukua nati tatu za baiskeli, akazifunga kwa waya nyuma ya mtutu. Akapima, akatoa moja. Nikamuuliza kwa nini ametoa. Akasema zikizidi mtutu utabaki unatazama juu hautashuka, lazima mbele pabaki pazito kidogo ili uukalie ule mkono. Akapaka grisi kidogo sana, kwa ncha ya njiti ya kiberiti, maana grisi ikiwa nyingi inakusanya vumbi, na asubuhi za Julai hapa Iringa inakuwa nzito kama ugali uliolala. Akaacha nyaya zilegee, akazungusha kichwa kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho kabla hajafunga. Dogo akarudisha skrubu mwenyewe kwa ile ramani yake.

Kitufe kikabonyezwa. Mtutu ukainuka, taratibu, bila kutetemeka.

Ndipo kikaja KICHEKO CHA TATU. Mzee mmoja wa mtaani, mtu ninayemheshimu, alikuwa amesimama pale akisubiri redio yake. Akacheka, akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Kijana mzima na ndevu zake anashinda na midoli! Ndiyo maana baba yake anataka arudie mtihani, apate kazi ya maana."

Fundi akainama, akaendelea kupanga giya zake kwenye kopo. Bei ilikuwa shilingi 4,000.

Sasa ndugu zangu, turudi kwenye ile F.

Mimi Fizikia nilifaulu. Nilikokotoa mashine rahisi, nyenzo, kapi, uwiano wa kani na kadhalika, vyote kwa Kiingereza, vyote ubaoni. Nilichora giya kwa penseli na rula nikapata alama. Lakini sikuwahi kushika giya mkononi hata siku moja mpaka wiki iliyopita pale kibandani. Niliposimama mbele ya kifaru kibovu, cheti changu hakikuniambia kitu. Nilichoweza ni kumzaba kibao mtoto aliyethubutu. Mwenye F ndiye aliyejua kwamba mtutu ule na geti la mazao ni kitu kimoja!

Basi niambieni, nani alifeli Fizikia pale?

Msinielewe vibaya. Sisemi shule haina maana. Fundi mwenyewe aliniambia angependa kujua hesabu za kukadiria giya kabla ya kujaribu, asiwe anabahatisha. Ninachosema ni kwamba tumeigawa elimu vipande viwili, hesabu tukawapa wasioshika bisibisi, bisibisi tukawapa tuliowanyima hesabu. Halafu tunakaa barazani tunashangaa kwa nini kila kitu tunaagiza.

Na hii si hadithi mpya. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akalia kuhusu shule inayomfanya kijana adharau kazi ya mikono. SIDO ikaundwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. VETA ikaja kwa sheria ya 1994. Hapa kwetu, njia ya kwenda Mbeya, Ifunda ilikuwa na shule ya ufundi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, enzi za mkoloni. Kule Kibaha, jeshi letu likaanzisha Nyumbu miaka ya 1980 na likaunda lori lenyewe. Na mwaka 2024 mtaala mpya ukaanza, wenye mkondo wa amali kuanzia kidato cha kwanza. Kwenye karatasi tuko vizuri sana! Lakini mtaala hauwezi kumzuia mzee kucheka pale kibandani. Hauwezi kuuzuia mkono wa mjomba. Dharau haiko kwenye sera, iko midomoni mwetu.

Wenzetu wanafanyaje? Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kifaru chake cha rimoti cha Sherman mwaka 1974, kwa kipimo cha moja kwa kumi na sita. Tangu wakati huo kuna watu wazima, wahandisi na wastaafu, huko Japani na Ulaya, wanaokaa jioni wakipiga tupa mhimili wa mtutu ili uinuke kama wa kweli. Hakuna anayewaita watoto. Na wanajua kwamba ugonjwa wa kifaru cha dogo ni ugonjwa wa vifaru vya kweli pia. Kifaru cha Kijerumani kilichoitwa Tiger, kilichoingia vitani 1942, kilikuwa na mzinga wa milimita 88 wenye mtutu mrefu ulioelemea mbele. Waundaji wakaweka springi ya kusawazisha uzito huo, ili mpiga mzinga aweze kuuinua kwa kuzungusha gurudumu la mkono. Springi ile na nati mbili za baiskeli za Kihesa ni wazo moja. Tofauti ni kwamba mwenye springi anaitwa mhandisi, mwenye nati anaitwa mvuta midoli.

Halafu kuna wale wa "nunua kingine". Hawa wanadhani kununua kingine ndiyo maendeleo. Wangejua! Ufaransa tangu 2021 baadhi ya vifaa vya umeme lazima viandikwe alama zinazomwonyesha mnunuzi ni rahisi kiasi gani kuvitengeneza vikiharibika. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ukapitisha sheria ya haki ya kutengenezewa, kwa vitu kama mashine za kufulia, friji na simu. Matoi bado hawajayagusa, lakini mwelekeo mnauona. Yaani matajiri wanatunga sheria ili watengeneze, sisi maskini tunaona aibu kutengeneza! Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema. Sisi ufa hatuuzibi wala ukuta hatujengi. Tunatupa nyumba.

Najua kuna hoja mbili zitakazoletwa, ngoja nizijibu kabisa.

Ya kwanza: "Kwa nini unamsifia mtoto kuchezea silaha?" Hoja ya haki. Sikukinunua mimi, na ningeulizwa ningechagua kitu kingine. Vita si mchezo, na sisi wa Iringa tunajua. Pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilimwangusha Zelewski na kuteka silaha za Wajerumani, na bado Oktoba 1894 Kalenga ilianguka. Kama hupendi kifaru, mnunulie mwanao kijiko, lile tingatinga la kuchimbia. Mkono wake unainuka kwa akili ile ile. Au mpe redio mbovu. Mimi sitetei mzinga, natetea bisibisi.

Ya pili: "Muda wa kijana ni mali, atumie kwenye vitu vya maana." Vitu vya maana ni vipi? Mashine ya kusaga? Ina mota, ina mkanda, ina mzigo. Pampu ya kisima cha mkono? Ni nyenzo, na ina mhimili unaolika. Kitanda cha hospitali kinachoinuka kichwani? Ni skrubu na mkono. Aliyejifunza kuuliza "mota inalia?" kwenye toi la plastiki atauliza hivyo hivyo kwenye mashine ya mamilioni. Na kujifunzia kwenye toi kuna faida moja kubwa: ukikosea, hafi mtu. Mnataka ajifunzie wapi, kwenye breki za basi?

Wengi wetu tuliozaliwa huku tulianza hivyo. Tulitengeneza magari ya waya, matairi tukakata kwenye ndala zilizochakaa, usukani mrefu mpaka kifuani. Gari lililovuta upande mmoja ulilirekebisha mpaka likanyooka, maana hapakuwa na duka la kununua jingine. Ule ulikuwa uhandisi, ila hatukuambiwa. Tulipofika darasa la saba tukaambiwa tuache utoto, na tukauacha kweli, wote kwa pamoja!

Sasa nasema hivi.

Mzazi: mwanao akifungua kitu, kabla hujainua mkono, muulize amekifunguaje na atakifungaje. Akiwa na jibu, mkono urudi mfukoni. Hili najisemea mimi kwanza.

Mwalimu: huhitaji kusubiri maabara. Kila nyumba Kihesa ina redio iliyokufa au toi lililokufa. Omba viletwe, vifunguliwe mezani, kisha ndiyo muandike ule ukokotoaji ubaoni.

Mfanyabiashara: ukileta matoi mia, leta na mfuko mmoja wa giya na mota. Utauza vyote viwili. Na kama hujui ndani kuna nini, usiseme hakitengenezwi. Sema hujui.

Waandishi wenzangu: sisi ndio wabaya zaidi. Tunakwenda karakana siku waziri anakata utepe. Akiondoka tunaondoka naye. Kijana anayefanya kazi hiyo siku 300 nyingine za mwaka hana utepe, kwa hiyo si habari. Mcheza kwao hutunzwa, tunasema. Huyu anacheza kwao, sokoni Kihesa, na tunachomtunza ni kicheko.

Na wewe mzee wangu uliyecheka, shikamoo. Redio yako ilitengenezwa siku ile ile, na "kijana anayeshinda na midoli", mkono ule ule, kopo lile lile. Uliondoka nayo inaimba. Hukumcheka wakati unaichukua.

Baba wa fundi sijakutana naye. Kijana anasema mpaka mwisho wa mwaka atakuwa amekubali, afunge kibanda akarudie mtihani kwa kukaa nyumbani na madaftari. Sina haki ya kuingilia nyumba ya mtu. Ila kama kuna anayemfahamu mzee huyo, na mtaani hapa najua wapo, mwambieni hivi: mwache arudie mtihani, ni vizuri, lakini asifunge kibanda. Asome usiku, mchana awe na bisibisi. Akikutana na lile swali la nyenzo na uzito, atalijibu akiwa amelishika mkononi, si kama mimi.

Mimi nimefanya langu. Jumamosi nilimwita mpwa wangu barazani, palepale nilipomzaba, nikamwomba radhi. Si jambo rahisi kwetu mjomba kumwomba radhi mtoto wa darasa la tano. Aliinama tu akacheka kwa aibu, akauliza kama anaweza kwenda kibandani kwa fundi siku za likizo. Nimekubali.

Jana nikarudi nikakuta redio yangu imefunguliwa mezani. Damu ilichemka, sidanganyi. Kisha nikaona karatasi pembeni, imeshachorwa skrubu zote saba. Nikakaa, nikashika tochi, nikammulikia.

Naomba kutoa hoja.